Sura ya 6: Mapafu Hayanenepi

"Docta, mama yetu ni mnene sana. Wakimlaza kwa operesheni, ataamuka?"

Swali hili limezoeleka kwenye korido za hospitali za Goma, iwe Ndosho, HEAL Africa, Virunga au Hospitali ya Mkoa. Anayeuliza huwa ni mtoto wa mgonjwa, au dada yake, karatasi za vipimo zikiwa mkononi. Tayari amesikia habari za jirani wa Katindo au Majengo aliyepewa dawa ya usingizi asirudi. Nyuma ya swali hilo pia kuna jingine ambalo wengi huona haya kulisema: ile mashine ya kupumulia itamtosha kweli mtu wa kilo 110?

Jibu fupi ni kwamba walio wengi huamka salama. Hata hivyo hofu ya familia ina msingi, kwa sababu mwili mnene ukilala chali chini ya dawa hubadilisha kazi ya mapafu kwa namna ambayo ni lazima ijulikane kabla, si baada. Sura hii inaeleza mabadiliko hayo na namna ya kuyakabili. Msomaji ataona kwamba mengi ya yanayookoa maisha hapa hayahitaji mashine ya bei ghali. Yanahitaji kipimo sahihi, mkao sahihi na mtu aliye macho.

Kwa nini mashine ipumue badala yako?

Nusukaputi ni dawa inayomlaza mtu kabisa ili asisikie kisu. Anayeitoa na kumlinda mgonjwa hadi mwisho ni mtaalamu wa nusukaputi, ambaye Goma wengi humwita anestezisti.

Si operesheni zote zinazohitaji usingizi wa mwili mzima. Mama anayejifungua kwa kupasuliwa mara nyingi huchomwa sindano ya mgongoni. Kuanzia kifuani kwenda chini anakufa ganzi, lakini yu macho na anapumua mwenyewe. Kwa mama mnene hii mara nyingi ndiyo njia bora, ingawa kuipata nafasi kati ya pingili za mgongo kunataka sindano ndefu zaidi na subira.

Utumbo uliotobolewa na taifodi, risasi iliyopita tumboni au kibofu cha nyongo chenye mawe ni habari nyingine. Hapo daktari mpasuaji anahitaji tumbo lilegee kabisa, na dawa ya kulegeza misuli haichagui: inalegeza tumbo na misuli ya kupumulia pamoja. Mgonjwa hawezi tena kuvuta hewa. Bomba hupitishwa kooni hadi kwenye njia ya hewa, kisha mashine huisukuma hewa ndani kwa kiasi kilichopangwa, mara kadhaa kwa dakika, mpaka operesheni iishe.

Mtu anayepumua mwenyewe huivuta hewa, ilhali mashine huisukuma. Kwa hiyo anayeiweka sawa anaamua mambo manne: kila pumzi iwe kubwa kiasi gani, ziwe ngapi kwa dakika, oksijeni iwe kiasi gani, na shinikizo kiasi gani libaki mapafuni pumzi inapotoka. Kwa mtu mnene, kila moja kati ya manne hayo lina mtego wake.

Akiba inayopotea mtu akilala chali

Unapomaliza kutoa pumzi, mapafu hayabaki matupu. Hubaki na hewa ya kutosha kuvifanya vifuko vidogo vya hewa, ambavyo ndivyo vinavyopitisha oksijeni kwenda kwenye damu, visijifunge. Hewa hiyo tuiite akiba ya pumzi.

Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mtu mwenye tumbo kubwa anajua kitandani mwake jinsi kinavyoelemewa: akilala chali pumzi inakuwa fupi, basi hugeukia ubavu au huongeza mto. Tumbo limepanda na kukisukuma kiwambo juu, na mapafu yamekosa nafasi.

Mezani hawezi kugeuka, na msuli wenyewe umelegezwa kwa dawa. Kwa mtu wa wastani, akiba ya pumzi hupungua kwa karibu moja ya tano anapopewa nusukaputi. Kwa mtu mnene sana yaweza kupungua nusu. Vifuko vya hewa vya upande wa mgongoni vinajikunja na kujifunga, na damu inayopita hapo hurudi bila oksijeni.

Matokeo yake huonekana katika dakika za mwanzo kabisa, kati ya pumzi ya mwisho ya mgonjwa na pumzi ya kwanza ya mashine. Mtu mzima mwenye afya na mwili wa wastani, akiwa amevuta oksijeni tupu kwa dakika chache kabla ya kulala, anaweza kukaa karibu dakika 8 bila kupumua kabla oksijeni ya damu haijashuka kufikia kiwango cha hatari. Mtu mnene kupindukia hana hata dakika 3. Bomba likikataa kupita mara ya kwanza, dakika hizo huisha upesi.

Goma iko juu

Hapa mji wetu una jambo lake. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo uzito wa hewa hupungua kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Muanda, kule Kongo inapogusa bahari. Hewa bado ina asilimia 21 ya oksijeni, ila kila pumzi inabeba oksijeni kidogo kuliko pumzi ya pwani. Hata oksijeni tupu ya mtungi ikivutwa hapa hujaza mapafu kwa akiba ndogo kidogo.

Mkazi mwenye afya haoni tofauti, mwili wake umeshazoea. Kwa mgonjwa ambaye akiba yake imekatwa nusu na tumbo na dawa, tofauti hiyo inafupisha muda ambao tayari ni mfupi. Ndiyo maana kumwekea mgonjwa mnene barakoa ya oksijeni kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kumlaza, barakoa ikibana vizuri usoni, ni hatua isiyorukwa Goma hata siku yenye haraka.

*Kwa ufupi:* Mtu mnene huanza operesheni akiwa na akiba ndogo ya hewa. Kulala chali, dawa ya kulegeza misuli na mwinuko wa Goma huipunguza zaidi.

Mablanketi kabla ya mashine

Dawa ya kwanza ya tatizo hili ni mkao. Angalia anestezisti mzoefu anavyomwandaa mama mnene. Kabla ya dawa yoyote huomba mablanketi au mashuka, huyakunja, huyapanga kuanzia chini ya mabega, yakizidi kimo kuelekea kichwani. Kisha husimama ubavuni mwa meza na kutazama kwa usawa wa macho. Tundu la sikio la mgonjwa likiwa sawasawa kwa ulalo na kidimbwi kilicho juu ya mfupa wa kifua, ameridhika. Kwa mkao huo koo limenyooka, matiti na mafuta ya kifua yameshuka mbali na shingo, na tumbo limeteremka kidogo kutoka kwenye kiwambo.

Meza ikiwa na uwezo wa kuinama, upande wa kichwa huinuliwa nyuzi 25 hadi 30. Kazi yote inachukua dakika chache, na mablanketi yapo katika kila wodi.

Urefu, si uzito

Sasa turudi kwenye swali la mashine. Watu wengi hufikiri mwili mkubwa unahitaji pumzi kubwa, na kwa miaka mingi hata vyumba vya upasuaji vilihesabu pumzi kwa kilo zilizosomwa kwenye mzani. Hapo ndipo madhara yalipoanzia.

Mapafu ya mtu mzima hukua kulingana na urefu wake na jinsia yake. Akiongezeka kilo 40 baada ya kuzaa watoto watano, mapafu yake yanabaki yale yale aliyokuwa nayo akiwa msichana. Kwa hiyo wataalamu hutumia uzito wa makadirio, yaani uzito unaolingana na urefu. Hesabu yake ni hii: kwa mwanamke anza na kilo 45.5, kwa mwanamume kilo 50, kisha ongeza kilo 0.91 kwa kila sentimita inayozidi 152.4.

Chukua mama mwenye urefu wa sm 160 na uzito wa kilo 110. Ukigawa kilo zake kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 43. Kipimo hiki huitwa BMI. Kuanzia 30 mtu huhesabiwa kuwa na unene uliozidi, na kuanzia 40 ni unene wa kupindukia. Lakini uzito wake wa makadirio ni kilo 52 tu.

Pumzi salama wakati wa operesheni ni mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya makadirio. Tukichukua 7, mama huyu anahitaji karibu mililita 370. Aliyehesabu kwa kilo za mzani angempa mililita 770, zaidi ya mara mbili. Hewa hiyo huingia kwenye vile vifuko vilivyobaki wazi na kuvitanua kupita kiasi, tena na tena, kwa saa mbili au tatu. Vifuko hujeruhiwa na kuvimba, na jeraha hilo hujitokeza siku zinazofuata kama homa, kikohozi na pumzi ya shida.

Somo hili lilitoka kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 2000 utafiti mkubwa wa Marekani, uliohusisha wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojeruhiwa vibaya, ulilinganisha pumzi ya mililita 12 na ya mililita 6 kwa kilo ya makadirio. Katika kundi la pumzi kubwa walikufa karibu asilimia 40, na katika kundi la pumzi ndogo asilimia 31.

Mwili mkubwa hutengeneza hewa ukaa nyingi zaidi, nayo lazima itolewe. Hilo hutimizwa kwa kuongeza idadi ya pumzi kwa dakika huku ukubwa wa kila pumzi ukibaki pale pale.

Katika haya yote kifaa cha lazima ni futi ya kupimia ya fundi cherehani. Mgonjwa aliyefika akiwa amezimia, asiyeweza kusimama, hupimwa akiwa amelala, kuanzia utosini hadi kisiginoni. Faili lenye kilo bila sentimita halimsaidii anestezisti kupanga pumzi.

Kuvizuia vifuko visijifunge

Pumzi ndogo peke yake ina hasara: vifuko vilivyojifunga havifunguki. Kila mtu wa Goma amemwona kijana na chukudu iliyosheheni makaa. Kuisukuma ianze kutembea kunamtoa jasho. Ikishatembea, nguvu kidogo inatosha ili isisimame. Vifuko vya hewa navyo viko hivyo. Kukifungua kilichojifunga kunadai shinikizo kubwa kwa muda mfupi. Kukizuia kisijifunge tena kunataka shinikizo dogo lisilokatika.

Lile shinikizo la muda mfupi ni pumzi chache kubwa zilizopangwa kwa uangalifu, zinazotolewa baada ya bomba kuingia na kila bomba linapochomolewa kwenye mashine. Lile lisilokatika ndilo linaloandikwa PEEP kwenye mashine, au PEP zikiwa za Kifaransa. Ni shinikizo linaloachwa mapafuni pumzi ikishatoka, nalo hupimwa kwa sentimita za maji.

Je, PEEP iwe kiasi gani? Mwaka 2013 utafiti wa Ufaransa uliohusisha wagonjwa 400 wa upasuaji wa tumbo ulionyesha nguvu ya kuunganisha mambo matatu: pumzi ndogo, PEEP ya 6 hadi 8, na kufungua vifuko kila nusu saa. Madhara makubwa yalishuka kutoka asilimia 27.5 hadi 10.5. Lakini watu wanene sana hawakuwemo katika utafiti huo.

Wao walipata utafiti wao mwaka 2019: wagonjwa 2,013 wenye BMI ya 35 na zaidi, katika nchi 23. Wote walipewa pumzi ndogo. Nusu waliwekewa PEEP ya 4, nusu 12 pamoja na kufunguliwa vifuko. Madhara ya mapafu baada ya operesheni yalikuwa asilimia 23.6 kwa kundi la chini na 21.3 kwa kundi la juu, tofauti ambayo yaweza kuwa ya bahati tu. Katika kundi la juu oksijeni ilishuka kwa wagonjwa wachache zaidi wakati wa operesheni, ila presha ya damu ilishuka kwa wengi zaidi, kwa sababu kifua chenye shinikizo kubwa huizuia damu kurudi moyoni.

Basi hakuna namba moja ya kubandika ukutani. Anestezisti huanza na kiasi cha wastani, huongeza kidogo kidogo huku akitazama kipima oksijeni kidoleni na presha ya damu, na hurudi nyuma presha ikiyumba. Mgonjwa aliyevuja damu nyingi kwa risasi havumilii PEEP ambayo mwenye ngiri angeivumilia bila shida.

Oksijeni nayo ina kiasi chake. Mgonjwa akishatulia, asilimia 40 hadi 50 mara nyingi inatosha. Oksijeni tupu kwa saa nzima hunyonywa yote na damu, kifuko kinabaki bila hewa ya kukishikilia, na kinajifunga. Kuipunguza kunalinda mapafu na kuhifadhi mtungi kwa ajili ya mgonjwa anayefuata.

Hewa ya mazuku ndani ya tumbo

Penye vifaa vya upasuaji wa kamera, tumbo hufunguliwa kwa matundu madogo na kujazwa gesi ili daktari aone. Gesi hiyo ni hewa ukaa, ile ile inayotoka ardhini kwenye mabonde ya lava kati ya Goma na Sake na kuua mbuzi na watu walioingia kwenye mazuku. Mwilini haiui kwa njia hiyo: inanyonywa na damu na kutolewa na mapafu, mradi mashine iongezewe idadi ya pumzi.

Kazi ngumu ni shinikizo lake. Tumbo hujazwa hadi milimita 12 au 15 za zebaki, nalo hukisukuma kiwambo juu zaidi. Mpasuaji na anestezisti wanapaswa kusemezana: gesi ishushwe hadi kiwango cha chini kinachoruhusu kuona, na kichwa cha mgonjwa kisiinamishwe chini zaidi ya inavyohitajika.

Umeme ukikatika

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, Goma ilikosa umeme na maji huku hospitali zikifurika majeruhi. Mashine isiyo na umeme wala betri husimama, na hapo mfuko wa kubana kwa mkono, tuliouzoea kwa jina la Ambu, huchukua nafasi yake.

Kupumulisha kwa mkono ni kazi yenye historia ya heshima. Mwaka 1952 polio ilipolipuka Copenhagen, mjini kulikuwa na mashine chache mno. Daktari Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa watobolewe kooni na kupewa hewa kwa mfuko, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kuibana mifuko hiyo usiku na mchana. Vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mfuko wa Ambu wenyewe, unaojijaza bila umeme wala mtungi, ulitokea Denmark miaka michache baadaye, mwaka 1956.

Lakini mfuko wa mtu mzima huchukua karibu lita 1.5. Mama yetu wa sm 160 anahitaji chini ya nusu lita. Aliyeingiwa na hofu, akiona mwili mkubwa mbele yake, hubana kwa mikono miwili mpaka mwisho na kufanya madhara yale yale ya mashine iliyopangwa vibaya. Bana kwa mkono mmoja, taratibu, acha kifua kikiinuka tu.

*Kwa ufupi:* Pumzi ndogo kwa hesabu ya urefu, PEEP ya wastani inayorekebishwa kwa kumtazama mgonjwa, oksijeni ya kutosha bila kuzidi. Kanuni ni hizo hizo kwa mashine na kwa mkono.

Saa ya kuamka na usiku unaofuata

Utafiti wa mwaka 2018 katika nchi 25 za Afrika, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000, ulikuta kwamba wanaokufa baada ya upasuaji barani ni mara mbili ya wastani wa dunia. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea baada ya siku ya operesheni. Hatari kubwa iko wodini, ambako muuguzi mmoja ana vitanda vingi.

Kwa hiyo bomba halitolewi kooni mpaka mgonjwa mnene awe macho kabisa, anafuata maagizo, nguvu za misuli zimerudi, na kichwa cha kitanda kimeinuliwa. Anayekoroma sana nyumbani, na ambaye mwenzi wake amewahi kusikia pumzi yake ikikatika usingizini, yuko katika hatari ya ziada, kwa kuwa dawa kali za maumivu kama mofini humzidishia hali hiyo. Huyo apewe dawa nyepesi kadiri inavyowezekana, na kipima oksijeni kikae kidoleni usiku wa kwanza.

Ndugu, fanyeni hivi

Ndugu wa mgonjwa wana kazi ya kweli katika jambo hili. Kabla ya operesheni:

1. Semeni kilo za kweli, na ombeni mgonjwa apimwe urefu.
2. Elezeni kuhusu kukoroma na pumzi kukatika usingizini, hata kama mwenyewe anakataa.
3. Ulizeni kama sindano ya mgongoni inawezekana kwa operesheni hiyo.
4. Fuateni saa za kutokula mlizoambiwa. Chakula kikipanda kutoka tumboni kwa aliyelala, huingia mapafuni.

Baada ya operesheni:

1. Msimlaze chali. Aegemee, mgongo ukiwa umeinuliwa.
2. Mhimizeni avute pumzi ndefu na kukohoa akiwa ameshikilia mto juu ya kidonda, kisha asimame na kutembea mapema kadiri daktari anavyoruhusu.
3. Akisinzia mno, akikoroma kwa kukatika, au midomo ikigeuka rangi, mwiteni muuguzi papo hapo. Msingoje apite.

Kwa wakuu wa hospitali ombi ni dogo. Kila chumba cha upasuaji kiwe na futi ya kupimia, jedwali la urefu na kiasi cha pumzi lililobandikwa kwenye mashine, na kipima oksijeni kinachofuata mgonjwa hadi wodini. Mama wa kilo 110 ana haki ya kupumulishwa kwa kipimo cha mapafu yake mwenyewe, na kipimo hicho kinapatikana Goma leo, kwa vifaa ambavyo tayari tunavyo.